Mlango wa Kushoto, na Neno Ulilolibeba

Nadège mwanangu,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua: sasa hivi uko Buyenzi, umeketi katikati ya magoti ya msusi, shingo imepinda, na mama yako yuko pembeni anamwambia abane zaidi ili nywele zidumu mwezi mzima. Hali yangu nawe unaijua. Nimekaa barazani, nimevaa ile miwani uliyoifunga kwa uzi, na asubuhi niliwaambia msiwe na haraka, kaeni huko mpaka jioni, kwa sababu nilitaka nyumba iwe tupu niandike. Mimi ni mtu wa ofisi, nimeandika barua za serikali kule Kigobe karibu maisha yangu yote, na hii yako nimekwisha kuichana na kuanza upya.

Sitakuambia habari za chandarua, wala kuchemsha maji, wala kuficha pasipoti. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, na mengine nadhani ameyashona kwenye pindo la begi. Sitakufundisha pia kukaa na tantine yako huko Dar es Salaam. Yule ni dada yangu, namjua, atakulisha mpaka uombe msamaha. Mimi nina jambo moja tu. Siku ile ya mtathmini wa bima nilikupa neno baya, wewe ukalipokea ukalitunza, na tangu siku hiyo hujaniambia tena "apana." Nataka nilichukue neno langu kabla hujapanda basi, na lako nikurudishie.

Kwanza nikukumbushe tulivyolingoja lile gari, maana bila hayo hutaelewa upumbavu wangu ulitoka wapi. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa mtu wa lifti. Asubuhi nasimama pale kwenye njia ya chuo kikuu, natabasamu kwa kila gari linalopita, na mtu akisimama naingia nikilisifia gari lake mpaka Kigobe. Mtu wa lifti hana maoni. Mwenye gari akisema leo mvua haitanyesha, unasema kweli haitanyesha, huku umeshika mwavuli. Mwenye gari akisema mke wake ni mkorofi, unasikitika naye, na jioni mke akiwa ndani ya gari unamsifia. Nilikuwa bingwa wa kusema ndiyo, Nadège. Nilirudi nyumbani mdomo umechoka.

Kwa hiyo tulipoagiza gari Japani, dogo, la rangi ya fedha, lililokwisha kutumika, lenye usukani upande wa kulia, mimi sikuona gari. Niliona mwisho wa kutabasamu asubuhi. Likafika Dar es Salaam, likapanda treni mpaka Kigoma, kisha likapakiwa kwenye meli ya mizigo kuja kwetu. Zile siku za ziwani sikulala vizuri. Upepo ukivuma hapa Mutanga Sud, nauliza jirani kama na ziwani kuna upepo, kana kwamba yeye ni samaki.

Siku ya kulipokea bandarini nilivaa suti. Wewe ulicheka ukasema, "Papa, unaenda kuoa tena?" Wakati ule ulikuwa unanitania. Gari likashushwa, nikatoa simu, nikapiga picha nyingi, zote za upande wa kulia, ule mzima, nikazituma papo hapo kwenye grupu la familia. Pongezi zikaanza kumiminika. Aliyezunguka gari ni mama yako.

"Baba Nadège," akaita, "kuja uone huku."

Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umebonyea chini, si sana, kama sufuria iliyoanguka, na taa ya upande ule imepasuka. Ziwa lilichafuka njiani, kreti moja la mbao likateleza, likaliegemea gari letu mpaka Bujumbura. Karani wa bandari alikuwa tayari amenyoosha karatasi na kalamu niweke sahihi kwamba nimelipokea likiwa zima. Na mimi ningeweka. Nyuma yetu watu walikuwa wanangoja, karani ana haraka, na mimi sikuzoea kumchelewesha mtu. Mama yako akaweka mkono juu ya karatasi.

"Hakuna sahihi hapa mpaka muandike ule mulango."

Ukaandikwa. Wanawake wa nyumba hii wana tabia hiyo ya kuniokoa, na mimi nina tabia ya kuwakasirikia kwanza.

Gari lilikuwa na bima ya safari, na nilipopiga simu kwenye ile kampuni, msichana mmoja mwenye sauti ya upole alinieleza utaratibu. Wamefungua faili. Mtathmini wao atakuja nyumbani Jumatatu aone uharibifu kwa macho yake. Mpaka aje, nisiguse kitu: nisinyooshe, nisipake rangi, hata taa iliyopasuka nisiitupe. Nilimjibu ndiyo, ndiyo, bila shaka, si unanijua. Lakini moyo ulikuwa umekwama kwenye Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo siku niliyowaalika watu kuja kuaroza gari.

Huko uendako utawaeleza kuaroza ni nini na watakucheka. Waambie kwetu kitu kipya kisiponywewa ni kama cha kuazima. Lazima watu waje, wanywe, walizunguke, waguse, waseme Mungu ametenda. Nilikuwa nimemwalika padre aje na maji ya baraka, nimealika ndugu, nimealika majirani, na zaidi ya wote nimealika kila mtu aliyewahi kunipa lifti. Nikawa nawaona kichwani. Wanalizunguka, wanafika upande wa kushoto, wananyamaza. Maneno ya watu sikuyaogopa sana. Niliogopa ukimya wa mtu mwenye adabu anayeiona aibu yako akageuza macho.

Nimelelewa na kuficha. Kwetu mgeni akipiga hodi, bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anatandika kitenge juu ya kiti kilichovunjika, anakikalia mwenyewe, na anatabasamu kikao kizima huku mguu wake mmoja unakishikilia kiti kisianguke. Sisi watoto tulijua. Tulikuwa tunaangalia ule mguu. Mpaka leo nikimkumbuka namkumbuka hivyo, na sijui kama nimwonee fahari au nilie.

Basi Jumamosi nikampelekea gari Fundi Hamisi kule Buyenzi. Ana mkono mzuri, hilo simnyimi hata leo. Alitoa taa mbovu akaweka nyingine, akaunyoosha mlango, akajaza mastiki, ile lipu ya magari, akapiga msasa, akapaka rangi. Mama yako aliuliza, "Na ule mutu wa bima?" Nikamwambia hayo ni mambo ya lundi, Jumatatu. Aliniangalia vile anavyoniangalia, akarudi kwenye sufuria zake.

Jumapili ilikuwa nzuri, na siwezi kuikana. Padre alinyunyiza maji, watoto wa jirani wakapigania kupiga honi, na wewe ulizunguka na sinia la soda ukiwa umevaa lile gauni la njano. Mwenzangu mmoja wa ofisini, aliyenipa lifti nyingi kuliko wote, akaupiga kwa kiganja mlango ule ule wa kushoto akasema Wajapani wanajua kazi. Nikacheka naye. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, vidole vyake vikabaki pale.

Jumatatu nikaamka na akili. Akili ikija imechelewa inakuja na hofu. Mtathmini atakuja kuona nini? Mlango mzima, wenye alama ya vidole vya mgeni? Karatasi ya bandari inasema umebonyea, gari linasema haukubonyea, na mimi katikati. Nikampigia Hamisi. Akaja na pikipiki, anacheka.

"Muzee, sasa kilio ya nini? Ilikuwa imebonyea, itabonyea. Si mi niko na nyundo?"

Unakumbuka. Ulikuwa umetoka jikoni na mkoba wa shule mgongoni. Hamisi alikuwa ameifunga nyundo kwa kitambaa, na mimi, baba yako, niliyekufundisha kusalimia wakubwa na kurudisha chenji dukani, nilikuwa nimeushika mlango kwa mikono miwili usitikisike.

"Papa, munafanya nini?"

"Ingia ndani."

"Lakini haikuwa vile..."

"Nadège, nimesema ingia ndani."

Hamisi akapiga. Mkono uliozoea kunyoosha haujui kubonyeza, kwa hiyo shimo likatoka kubwa kuliko la ziwa, tena juu zaidi. Mtathmini akafika kabla hujapata hata muda wa kutoka kwenda shule. Mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi, ana tochi ndogo na kamera. Nikamtoa Hamisi kwa mlango wa nyuma na nikakuita ulete kiti, kwa sababu nilitaka aone nyumba yenye mtoto mwenye adabu.

Alichuchumaa pale mlangoni muda mrefu. Akakwaruza kwa ukucha. Akaweka vidole vyake juu ya alama ya vidole vya mwenzangu, akavipima. Akaniuliza hii ilibonyea lini, nikasema ziwani, bwana, ziwa lilikuwa limechafuka sana. Nikaongeza na mawimbi. Mtu akidanganya huwa anaongeza mawimbi. Ndipo akakugeukia wewe, umesimama na kiti.

"We mutoto, siku gari inafika ulikuwako? Ilikuwa hivi?"

Nilikutazama. Najua nilikutazamaje, kwa sababu ni jicho alilonitazama nalo mama yangu mgeni alipokuwa ndani. Ukatazama chini, kisha ukamtazama yeye.

"Apana," ukasema. "Ilikuwa imebonyea kidogo, pale chini. Fundi aliitengeneza samedi juu ya ile fête ya kuaroza. Leo asubui wameipiga tena."

Ulisema polepole kabisa, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwingine na hataki kumuumiza. Mimi sikuona hivyo siku ile. Nilitabasamu mpaka mtathmini akamaliza kupiga picha zake, nikamsindikiza mpaka langoni, nikarudi. Wewe ulikuwa bado umesimama palepale, kiti kiko mkononi. Nikakuambia, "Umeniuza. Mutoto wa damu yangu ameniuza mbele ya mutu wa inje." Nikaingia chumbani.

Hasira hasara, wanasema, na watu wanadhani hasara ni ya siku moja. Siku zilizofuata sikukujibu salamu. Mama yako aliniambia, "Gari imebonyea mulango tu, lakini we umebonyea roho," nikamwambia anyamaze. Baadaye nikaanza kukusalimia, kisha kuongea nawe, kisha nikajifanya kama hakuna kilichotokea. Nilidhani tumepona. Sikuwa nimeomba msamaha, Nadège. Mwanamume wa umri wangu hapa kwetu haombi mtoto msamaha, anamnunulia viatu. Nikakununulia viatu.

Sasa ngoja nikuambie kitu ambacho hukijui, na ambacho nimekaa nacho muda wote huu kama mtu aliyekalia kiti kibovu.

Pale langoni, kabla hajapanda gari lake, mtathmini alinishika bega. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Akasema, "Papa, mi ile kitu niliiona tangu niko kwa lango. Mastiki mubichi haivuke ziwa." Akanieleza kwamba kama wewe ungenyamaza, au ungesema ndiyo, angefunga kamera yake na kuandika kuwa mwenye gari amejaribu kuiibia kampuni. Bima yote ingekufa, na jina langu lingekwenda mbele ya watu nisiotaka kukutana nao, mimi mtumishi wa serikali. "Lakini mutoto wako amesema ile ya kweli," akaniambia, "sasa niko na kitu ya kuandika." Akaniuliza ile taa iliyopasuka iko wapi. Nikamwambia iko kwa Hamisi. Akasema atarudi mchana, twende huko na gari letu. Hayo yote nilikuwa nimekwisha kuyasikia niliporudi kukuambia umeniuza.

Tukaenda, mimi na yeye, wewe ukiwa shuleni unalia au hulii, sijui, sijawahi kukuuliza. Hamisi hatupi kitu. Taa ilikuwa juu ya rundo la vyuma, na ndani ya mpasuko wake kulikuwa na vipande vya mbao ya lile kreti la ziwani. Kisha mtathmini akalala chini ya gari na shati lake la pasi, akakuta chuma cha kufungia kamba kimepinda kabisa upande wa kushoto. Kule chini mimi sikuwa nimeficha, kwa sababu wageni hawaangalii chini. Aliniandikisha maelezo upya, kwa mkono wangu, ya kweli: bandarini palikuwaje, Jumamosi nilifanya nini na kwa nini, Jumatatu nilifanya nini. Mimi mwandishi wa barua za serikali nilikaa kwenye tairi kuukuu kule Buyenzi nikaandika neno "aibu" kwenye karatasi ya bima.

Faili lilichukua muda. Wakanirudisha mara kadhaa, hii haina muhuri, ile haina nakala, na mwishowe wakaniita ofisini kwao. Kampuni ilikubali kulipia taa na chuma cha chini, vile vilivyothibitika. Mlango wakaukataa, kwa sababu niliutengeneza kabla hawajauona na kuuharibu kabla hawajafika. Ilikuwa haki. Nikaweka sahihi kwamba nimekubali na kwamba sitadai tena, na safari hii nilisoma kila mstari kabla ya kuweka.

Nilivyorudi nyumbani niliwaambiaje? Niliwaambia nimepambana nao. Nikasema hawa watu wa bima ukiwaonyesha kwamba umesoma wanaogopa. Ulikuwa umekaa pale unachambua mchele, ukasema, "Ndiyo, papa." Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kukuambia kwamba aliyepambana ni wewe, kwa sentensi chache, ukiwa na kiti mkononi. Mama yako alikuwepo, kaka zako walikuwepo. Nikaomba chumvi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kilichoniumbua ni ile "ndiyo, papa" yako.

Mwanzoni niliipenda. Nikajisifia kwa watu kwamba binti yangu ametulia. Nilisema usomee mambo ya biashara, ukasema ndiyo, papa, ingawa mama yako aliniambia wewe ulitaka kuwa mwalimu. Nikisema hadithi ambayo sivyo ilivyokuwa, unasema ndiyo. Zamani ulikuwa unanikatiza: "Apana papa, ile ilikuwa Gitega, si Ngozi!" Nilikuwa naudhika. Sasa hadithi zangu zinapita tu, hakuna anayezirekebisha, na mimi mwenyewe sijui tena ipi ilikuwa Gitega.

Ndipo nikakujaribu. Unaikumbuka ile siku ya mvua? Ilikuwa inanyesha mpaka mfereji wa mbele umefurika, nami nikasimama mlangoni nikasema, "Leo ni siku nzuri, twende Kajaga tukapunge upepo wa ziwa." Mama yako alinitazama kama mgonjwa. Wewe ukasema, "Ndiyo, papa," ukachukua mwavuli. Nami kwa ubishi wangu nikashindwa kurudi nyuma, nikawasha gari. Tukakaa ndani ya gari ufukweni, vioo vimefunga ukungu, wavuvi wamejibanza chini ya maturubai, na hakuna ziwa lililoonekana. Tulikula mikeke, samaki wetu wa ziwani, wa kukaanga, kutoka kwenye mfuko, mafuta yakadondoka kwenye kiti. Nilikuwa nangoja useme hata neno moja, papa, hii ni kazi ya wazimu. Ukasema samaki ni watamu. Nilikutazama, nikaona mtu wa lifti. Nilimwona kwenye kiti cha pembeni, mwavuli mapajani, anakubaliana na mwenye gari kuhusu mvua.

Nilitaka kulia, na nilipaswa kusema pale pale. Nikasema turudi, umeme usije ukakatika. Ukasema ndiyo.

Nimeacha kuandika kidogo. Jirani amekuja kuuliza kama ni kweli unaondoka kesho, na amekuletea karanga. Nimemwambia ni kweli. Nilipolisema kwa sauti, nikajifanya nakohoa.

Sasa unakwenda kufanya kazi kwa yule mtu wa forodha aliyezoeana na tantine yako, kupokea magari ya Warundi na Wakongomani bandarini kabla hayajaanza safari ya kuja huku. Nilipoisikia kazi yenyewe nilitoka nje nikakaa kwenye gari peke yangu. Maana kazi hiyo yote ni neno moja. Watakuletea karatasi na kalamu kwa pamoja, kama walivyoniletea mimi. Watakuwa na haraka, na nyuma yako kutakuwa na watu wanaguna, na atakuwepo mzee mmoja mwenye tai atakayekuita binti yangu na kukuambia weka tu sahihi, haya mambo ni madogo. Huku kwetu, siku nyingi baadaye, kuna mtu amevaa suti anangoja. Gari lake liko mikononi mwako. Na mimi nilikunyang'anya chombo cha kazi ulipokuwa na miaka kumi na saba, nikakifungia kabatini, na kesho nakupeleka kazini bila hicho.

Tena si bandarini tu. Atakuja kijana mzuri wa maneno. Atakuja bosi. Watakuja rafiki wanaokupenda kweli na wanaotaka ukubali jambo lisilofaa kwa sababu wanakupenda. Mimi sijui nikufundishe nini kuhusu hao wote, maana mimi mwenyewe nimekubali mengi maishani kwa kuogopa uso wa mtu. Najua tu kwamba siku ile ulikuwa na uwezo ambao mimi sikuwa nao na sijaupata mpaka leo: kusema kweli kwa sauti ya chini mbele ya mtu unayempenda, ukijua atakasirika. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wako ulikiokoa changu, nami nikaupiga.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini si kila neno ni maji. Lingine aliyelimwaga anaweza kuinama akalifuta, hata kama doa linabaki. Hukuniuza, Nadège. Nilijiuza mwenyewe kwa wageni wa siku moja, na wewe ukanirudisha nyumbani. Nisamehe. Hili nimeliandika na sitalichana.

Umewahi kujiuliza kwa nini naegesha gari uani kwa kulibana ukutani, upande wa kushoto, mpaka mama yako analalamika kwamba hawezi kupita na beseni? Rangi ya ule mlango haikufanana tena. Jua likiwa kali mtu anaiona. Leo mlipoondoka nimeligeuza. Mtakaporudi mtaukuta mlango huo umetazama lango, na yeyote atakayekuja kukuaga jioni atauona. Akiuliza nitamweleza, na kaka zako watasikiliza, na nitasema ni nani aliyepambana.

Barua hii nitaiweka chini ya mto wako, uisome nikikutuma chumbani, ukishaaga watu, kabla hatujaketi mezani. Usije kunitafuta kuzungumza, nitakuwa na aibu. Ila nina ombi moja.

Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kutoka hapa mpaka kituoni hata ukitembea kwa mguu haichukui saa nzima. Leo mezani, mbele ya kila mtu, nitatangaza kwamba tutatoka hapa saa saba za usiku. Nitakunja uso. Nitasema mimi ndiye baba na nimesema. Unajua vizuri ni wazimu, tutakaa kule kwenye giza tunaliwa na mbu na begi la mama yako magotini.

Nitanyamaza nikutazame. Mwanangu, usinisindikize tena kwenye mvua. Weka kijiko chini, uniangalie, na mbele yao wote uniambie, "Apana, papa."

Baba yako